Jokofu Lililojaa na Jokofu Tupu

Buhongwa ni mahali palipo kusini ya mji wa Mwanza, kando ya barabara kuu iendayo Usagara na Shinyanga. Hapo pana nyumba nyingi, na soko, na maduka yaliyopangana pande mbili za barabara. Na katika maduka mengi, na katika nyumba nyingi pia, limo jokofu. Wengine huliita friji, nalo ni kitu kile kile. Kazi yake yajulikana na kila mtu: samaki asioze, maziwa yasichache, na soda iwe baridi kinywani mwa msafiri aliyetoka juani.

Lakini jokofu hutegemea umeme, na umeme hukatika. Katika mwaka 2006, na tena katika mwaka 2011, mvua zilipokuwa haba na mabwawa yakapungukiwa na maji, umeme katika Tanzania ulitolewa kwa mgao. Hata katika miaka ya mvua nzuri, nguzo huanguka na nyaya hukatwa na dhoruba. Siku kama hizo ndipo swali linapokuwa zito. Nyumba ina samaki aliyenunuliwa jana kwa fedha ya juma zima, ina maziwa ya mtoto, na labda ina dawa ya sindano ya mgonjwa wa kisukari. Je, vitakaa salama hata umeme urudi?

Hapo husikika maneno mawili yasiyopatana. Mmoja asema, "Jaza jokofu lako, maana lililojaa hushika baridi kuliko lililo tupu." Mwingine asema, "Usilijaze, maana lililojaa hula umeme." Kila mmoja husema kwa nguvu, na kila mmoja ana sehemu ya kweli. Ubishi wao hauishi kwa sababu wanajibu maswali mawili mbalimbali, nao hawajui kuwa ni mawili.

Kwanza yapasa kujua jokofu lafanya kazi gani. Watu husema kwamba jokofu hutia baridi katika chakula. Sivyo. Baridi si kitu kiwezacho kutiwa mahali, kama vile giza lisivyoweza kumwagwa chumbani kutoka katika debe. Kilichopo ni joto. Na penye joto dogo watu husema pana baridi. Joto nalo lina desturi moja isiyobadilika: hutoka penye joto jingi likaenda penye joto dogo, wala halirudi lenyewe. Jokofu hulitwaa joto lililo ndani na kulitupa nje. Katika mabomba yake hupita kitu cha majimaji ambacho kikigeuka kuwa mvuke hunyonya joto la ndani, na mashine ikiukandamiza mvuke ule, joto hutoka nje. Mtu akipeleka mkono nyuma au ubavuni mwa jokofu linalofanya kazi, atalisikia joto lile likitoka.

Mfano wa mtumbwi utalifafanua jambo hili. Mtumbwi wa mbao katika ziwa aghalabu huvuja kidogo. Maji hupenya katika maungo ya mbao, pole pole, wala hayachoki. Na kijana mmoja huketi na kopo, akiyachota na kuyamwaga. Maji yale ni kama joto. Nyufa ni kama kuta na mlango wa jokofu, maana hakuna ukuta uzuiao joto kabisa. Kijana mwenye kopo ni mashine. Kimo cha maji ndani ya mtumbwi ni kile kisomwacho katika kipimajoto. Na umeme ukikatika, kijana amelala.

Mwanafunzi na afikiri mitumbwi miwili, mmoja mpana na mmoja mwembamba, yenye nyufa zipitishazo maji sawasawa. Vijana wote wawili wamelala. Katika mtumbwi mwembamba maji yatapanda upesi. Katika mtumbwi mpana, maji kiasi kile kile yatatandaa, na kimo chake kitapanda taratibu. Jokofu tupu ni mtumbwi mwembamba. Jokofu lililojaa vitu vilivyokwisha kupoa ni mtumbwi mpana. Basi mtu wa kwanza amesema kweli: umeme ukikatika, lililojaa hushika baridi muda mrefu zaidi.

Lakini sasa vijana waamke. Ni yupi atakayefanya kazi zaidi? Wengi hujibu upesi kwamba ni yule wa mtumbwi mpana. Siye. Kama maji yaingiayo ni sawa, kila mmoja ana kuchota kiasi kile kile kwa saa ili maji yasipande. Upana haumzidishii kazi. Vivyo hivyo jokofu likiisha kupoa pamoja na vyote vilivyomo, na mlango ukafungwa, hutumia umeme karibu sawa, liwe limejaa au li tupu. Umeme huo kazi yake ni kulitoa joto lipenyalo kutani, na ukuta haujui kilicho nyuma yake. Kazi ya ziada huja mara moja tu, nayo ni mwanzoni. Mitumbwi yote miwili ikiwa imejaa maji hadi ukingoni, kijana wa mtumbwi mpana ana maji mengi zaidi ya kutoa kabla hajapumzika. Huyo ndiye jokofu lililotiwa vitu vya moto leo asubuhi. Na hapo mtu wa pili naye amesema kweli.

Yafaa kuuliza tena: jokofu likiitwa tupu, limejaa nini? Limejaa hewa. Na hewa ni nyepesi mno. Jokofu dogo la lita 200, likiwa halina kitu, lina hewa isiyofika robo ya kilo. Hewa hiyo yote, ikipata joto kwa nyuzi 1 za Selsiasi, imepokea joto sawa na lile lipashalo kwa nyuzi 1 maji ya kikombe kimoja cha kahawa, vile vikombe vidogo vya barazani. Kwa hiyo mwenye jokofu tupu amejiwekea akiba ya baridi ya kikombe cha kahawa, pamoja na kile kidogo kilichomo katika rafu na kuta zenyewe. Haishangazi akifungua baada ya muda mfupi na kuona pamekuwa vuguvugu.

Maji ni kitu kingine kabisa. Ni vitu vichache duniani vinavyohitaji joto jingi kama maji ili kupanda kwa nyuzi moja. Kilo moja ya maji huhitaji joto kama mara tano ya lile litoshalo kilo moja ya mawe ya Mwanza. Watu wa Mwanza wanao ushahidi wa jambo hili mbele ya macho yao kila siku. Mchana jua huyapiga majabali na ziwa kwa pamoja. Majabali huwa ya moto hata mguu mtupu hauwezi kuyakanyaga, na ziwa hubaki karibu vile lilivyokuwa asubuhi. Hewa iliyo juu ya nchi kavu hupata joto na kupanda, na upepo huvuma kutoka ziwani kuja kuijaza nafasi yake. Usiku mambo hugeuka. Mawe na udongo hupoa upesi, ziwa halipoi kwa kiasi kile, na upepo huvuma kutoka nchi kavu kwenda ziwani. Pepo zitokazo pande zote za pwani hukutana juu ya maji, na hewa yenye unyevu hupanda. Ndiyo maana radi na dhoruba nyingi za Ziwa Viktoria hutokea usiku, wakati wavuvi wako kazini. Ziwa hili lina eneo la kilomita za mraba 68,000 na zaidi. Ni mtumbwi mpana kuliko yote katika Afrika.

Sasa ije hesabu. Na isemwe kwamba katika jokofu fulani, joto lipenyalo kwa saa moja latosha kupasha lita 20 za maji kwa nyuzi 1. Kiasi hicho si mbali na kile cha majokofu madogo ya nyumbani. Mlango umefungwa, umeme umekatika, na ndani ni nyuzi 4. Ikiwa zimo lita 20 za maji baridi, baada ya saa 4 zitakuwa zimefika nyuzi 8. Ikiwa zimo lita 10, zitakuwa zimefika nyuzi 12. Ikiwa zimo lita 5 tu, hesabu hutoa nyuzi 20. Kwa kweli haitafika hapo, maana kadiri ndani panavyopata joto ndivyo joto la nje linavyopungua mwendo wa kuingia, tena rafu na kuta nazo huchukua sehemu yao. Walakini tofauti ni kubwa, na mtu aliye na samaki mle ndani ataiona. Vijidudu viozeshavyo chakula huzidi upesi mara joto lipitapo nyuzi 5 hivi.

Katika hesabu hii maji yametajwa kwa kuwa ni rahisi, lakini nyama, samaki, maziwa, mboga na matunda navyo kwa sehemu kubwa ni maji. Chungu cha maharage yaliyopikwa kinahesabika karibu kama chungu cha maji. Unga mkavu na mkate havihesabiki hivyo. Tena wako watu waliosikia kwamba jokofu lijazwe, wakatia ndani makopo matupu na magazeti yaliyokunjwakunjwa. Hayo hujaza jokofu kwa macho tu. Huzuia hewa kidogo isitoke mlango ukifunguliwa, lakini akiba ya baridi haipo, kama vile ghala lililojazwa mapumba lisivyolisha mtu.

Na mlango nao wasemwa sana. Hewa baridi ni nzito kuliko hewa ya joto. Kwa hiyo jokofu la kusimama likifunguliwa, hewa yake huanguka na kumwagikia miguuni, na hewa ya nje yenye joto na unyevu huingia kwa juu. Friza za kulala, zifunguliwazo juu kama sanduku, hazimwagi hivyo. Jokofu lililojaa lina nafasi ndogo ya hewa, basi lina kidogo cha kupoteza. Hayo ni kweli, lakini watu huyapa uzito kupita kiasi. Hewa yote ya jokofu dogo ikitoka na nyingine ikaingia, pamoja na unyevu wake, joto liingialo halifiki nusu ya joto la kutolewa katika chupa moja ya soda iliyotiwa ikiwa na nyuzi 26. Mama amgombezaye mtoto kwa kufungua mlango mara moja, kisha yeye mwenyewe akatia ndani sufuria ya mchuzi wa moto, amefanya hasara kubwa kuliko ya mtoto. Kusimama mlango wazi, mtu akifikiri atakula nini, hilo ni jambo jingine. Hewa haiachi kupita.

Mama mmoja alikuwa na duka la soda kando ya barabara, na mtoto wa kaka yake akimsaidia. Siku moja umeme ulikuwa umerudi tangu alfajiri, na saa sita mchana wateja wakalalamika.

"Shangazi," akasema kijana, "jokofu limejaa pomoni, nami nimelijaza mwenyewe. Mbona soda si baridi? Si wasema kwamba lililojaa hushika baridi?"

"Limejaa nini, mwanangu?"

"Soda, shangazi."

"Soda za lini?"

"Za kreti lile lililoletwa asubuhi."

"Basi limejaa joto," akasema shangazi, "nalo lashika kile ulicholipa."

Kijana akanyamaza. Shangazi akazitoa chupa nusu akazirudisha kivulini, akaacha nafasi kati ya zile zilizobaki. Kisha akatia chini kabisa madumu mawili ya maji, akasema hayo yasiuzwe wala yasitolewe.

Hesabu humpa haki mama huyu. Kreti moja ina chupa 24. Ikiwa kila chupa ina theluthi moja ya lita, hizo ni lita 8. Kuzipoza kutoka nyuzi 26 hadi nyuzi 4 ni kuzishusha nyuzi 22. Na mara 8 huwa 176. Katika jokofu la hesabu iliyotangulia, joto lipenyalo kutani kwa saa moja lilikuwa la lita 20 kwa nyuzi 1. Kwa hiyo kreti moja la soda vuguvugu huleta joto sawa na lile la kutani la saa 9 hivi, na kioo cha chupa bado hakijahesabiwa. Duka liuzalo kreti tatu kwa siku halina jokofu lililojaa baridi hata siku moja. Lina jokofu lipitalo vitu vya moto, kama njia ipitayo watu. Umeme ukikatika hapo, halina akiba yo yote isipokuwa kitu kilichokaa humo siku nyingi bila kutolewa. Hiyo ndiyo maana ya madumu mawili. Na yatiwe wakati jokofu halina kazi nyingi, usiku kwa mfano, ili yapoe taratibu.

Nafasi aliyoiacha kati ya chupa ina sababu yake pia. Ndani ya jokofu hewa ndiyo mchukuzi: hulitoa joto katika chakula na kulipeleka penye sehemu ibaridiyo. Vitu vikibanwa hata hewa isipite, vile vilivyo karibu na sehemu ile huganda, na vile vya mlangoni hubaki vuguvugu. Mboga zimeharibika kwa njia hii katika majokofu mazima kabisa, na fundi akaitwa bure.

Akiba ya maji ni kubwa, lakini akiba ya barafu ni kubwa mno kuliko hiyo. Jambo hili lilichunguzwa na Joseph Black, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Glasgow katika nchi ya Uskochi, karibu na mwaka 1761. Aliona kwamba barafu ikitiwa penye joto huyeyuka kwa muda mrefu, na muda wote huo kipimajoto hakipandi. Joto laingia, lakini lafanya kazi ya kuyeyusha tu. Joto liyeyushalo kilo moja ya barafu latosha kuyapasha maji ya kilo ile ile kutoka nyuzi 0 hadi karibu nyuzi 80. Katika mfano wa mtumbwi, barafu ni kama shimo lililofichika chini ya sakafu: maji huingia, nayo hayaonekani kupanda hata shimo lijae.

Kwa sababu hiyo Wizara ya Kilimo ya Marekani huwaambia watu kwamba friza iliyojaa, isipofunguliwa, hukaa na chakula kilichoganda kama saa 48 baada ya umeme kukatika, na iliyojaa nusu kama saa 24. Bali jokofu la kawaida, lisilo na barafu, hukitunza chakula saa 4 tu. Katika jiko lenye joto, au jokofu lenye mpira wa mlango uliochakaa, saa hizo hupungua. Mwenye friza yenye nafasi na atie chupa za maji zigande. Chupa ziwe za plastiki, zisijazwe hadi shingoni, maana maji yakiganda huongezeka karibu sehemu moja ya kumi, na kioo hupasuka. Umeme ukikatika, chupa moja au mbili ziweza kuhamishwa haraka zikawekwa rafu ya juu ya jokofu, kwa kuwa hewa iliyopozwa nazo itashuka juu ya vitu vilivyo chini.

Nguvu ya kitu kingi kilichowekwa pamoja ilionekana wazi katika mwaka 1833. Katika mwezi wa Mei mwaka huo, jahazi kubwa liitwalo Tuscany lilitoka Boston katika Marekani likiwa na tani 180 za barafu, iliyokatwa wakati wa baridi katika maziwa ya huko. Lilikuwa likienda Calcutta katika Bara Hindi. Hakukuwa na mashine ya kupoza; barafu ililindwa kwa vitu vizuiavyo joto tu, nalo jahazi likavuka ikweta mara mbili katika safari ya miezi minne. Lilipofika, barafu karibu tani 100 zilikuwa bado hazijayeyuka. Pande moja la barafu likiachwa peke yake katika bahari za joto lingekuwa maji kwa siku chache. Mapande mengi yaliyoshikana yana uso mdogo kwa kadiri ya wingi wake, na joto halina pa kuingilia ila kwa nje. Yale ya katikati hulindwa na yale ya pembeni.

Wavuvi na wachuuzi wa samaki wa Mwanza huitumia kanuni ile ile. Samaki akitoka majini hapa huanza kuharibika baada ya saa chache. Sangara na sato wapelekwao mbali hupangwa katika masanduku yenye kuta nene, barafu chini, samaki, barafu, samaki tena, na barafu juu. Katika nchi za joto aghalabu hushauriwa kilo moja ya barafu kwa kilo moja ya samaki. Mchuuzi huona uchungu kununua barafu nyingi, akapunguza. Na akifika sokoni akakuta barafu imekwisha na samaki wamelegea, amepoteza vyote viwili. Jokofu lililokufa mashine halitupwi, maana kuta zake zingali nzima. Hulazwa chali, likatiwa barafu, likawa sanduku la samaki. Dagaa peke yao hawahitaji mambo haya yote, maana huanikwa juani wakakauka.

Liko jokofu moja ambalo ujazo wake si jambo la fedha, nalo ni la chanjo katika zahanati. Chanjo nyingi za watoto hutakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na nyuzi 8. Chanjo ya surua na ile ya matone ya kupooza huharibiwa na joto. Chanjo ya pepopunda na ya homa ya ini huharibiwa zaidi na kuganda. Na iliyoharibika hivyo hudungwa kama kawaida, mama akaenda nyumbani akiamini mtoto amekingwa, kumbe hakukingwa. Kwa hiyo hapa barafu haiwezi kurundikwa ovyo karibu na dawa. Wahudumu wa afya waliokuwa na majokofu ya kawaida ya nyumbani walifundishwa kupanga chupa za maji chini kabisa na katika mlango, mahali ambapo chanjo haziwekwi, na kuacha nafasi kati ya makasha ili hewa ipite. Maji yale hayanywewi. Kazi yake ni kuwa mengi na kukaa hapo.

Siku hizi yako majokofu yaliyotengenezwa hasa kwa ajili ya chanjo, yenye tabaka la barafu au maji baridi lililofichwa ndani ya kuta zake. Umeme ukipatikana saa 8 kwa siku, latosha kugandisha tabaka lile. Na kwa kipimo cha Shirika la Afya Duniani, jokofu la namna hii hutakiwa kuzitunza chanjo zaidi ya saa 20 bila umeme, hata nje pakiwa na nyuzi 43. Yako na mengine yaendeshwayo kwa jua, yasiyo na betri. Betri za kwanza zilikuwa ghali, nazo zilikufa baada ya miaka michache na jokofu likafa pamoja nazo. Watengenezaji wakaona kwamba hakuna haja ya kuweka akiba ya umeme ikiwa akiba ya barafu yatosha: jua likiwaka mashine hugandisha, na jua likizama au mawingu yakikaa siku tatu, barafu huendelea kuzitunza dawa.

Nyumbani hakuna kuta za namna hiyo, wala mara nyingi hakuna mtu wa kukesha na kipimajoto. Mtu aliyesafiri siku mbili akarudi akakuta umeme unawaka na nyama imeganda hawezi kujua kwa kutazama kama umeme ulikatika alipokuwa safarini, nyama ikayeyuka, ikakaa vuguvugu, kisha ikaganda tena. Kwa ajili hiyo liko jaribio jepesi. Kabla ya kuondoka, kikombe cha maji na kigandishwe katika friza, na sarafu iwekwe juu ya barafu. Akirudi akaikuta sarafu juu, barafu haikuyeyuka. Akiikuta katikati, imeyeyuka sehemu. Akiikuta imeganda chini kabisa ya kikombe, maji yote yalikuwa yameyeyuka, na nyama ile isiliwe.